Cheti cha msamaha cha mwaka 2000 kinawafunika askari wa enzi ya Amin? Na waliotoweka 1971–79 tunawatafuta kwenye nyaraka zipi?

Mwanakijiji_Maracha (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Salaam wakubwa zangu. Kikundi cha vijana wa parokia huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kinaandaa kijitabu cha kumbukumbu ya mwaka 1971 hadi 1986. Tunataka kiwe na pande zote: watu wa kwetu waliochukuliwa wakati wa Amin wasirudi, na pia waliouawa na askari wa UNLA (jeshi la Serikali iliyofuata) baada ya Amin kuanguka, kama pale Ombaci tarehe 24 Juni 1981.

Tumekwama kwenye mambo matatu. La kwanza, wapo wazee waliokuwa askari wakati ule. Wanasema, "Sisi tulishasamehewa, vyeti tunavyo." Je, ni kweli cheti cha Tume ya Msamaha kinafunika ya mwaka 1972? La pili, mzee akitusimulia mbele ya kinasa sauti alichokifanya, tunaweza kumwahidi kwamba hakitamrudia? La tatu, familia za waliotoweka hazina karatasi hata moja. Wanaanzia wapi?

Naomba anayejua kwa hakika ajibu, tusije tukawaponza watu.

Wakili_Soroti (Jumatatu, saa 3:45 usiku)

Ndugu Mwanakijiji, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuwasha kinasa sauti. Nianze na vyeti.

Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 inamhusu aliyeshiriki vita au uasi wa silaha dhidi ya Serikali ya Uganda tangu tarehe 26 Januari 1986. Ndani yake kuna kupigana kwenyewe, kushirikiana na wapiganaji, kutenda kosa jingine kwa ajili ya kuendeleza uasi huo, na kuusaidia uasi kwa namna nyingine. Nje ya hapo hakuna kitu. Mzee aliyekuwa muasi wa WNBF, au aliyetoka msituni na kundi jingine la waasi, UNRF II, baada ya mkataba wa Yumbe wa tarehe 24 Desemba 2002, cheti chake kinahusu vita hivyo tu. Kama mzee huyohuyo alikuwa State Research Bureau (idara ya upelelezi ya Amin) pale Nakasero mwaka 1973, au Public Safety Unit (kikosi cha polisi) ya Naguru, au polisi wa jeshi wa Makindye, cheti hakisemi lolote juu ya miaka hiyo.

Utaratibu wa kukipata nao unaonyesha kilikusudiwa kwa nani. Muasi alijisalimisha kwa kituo cha jeshi au polisi kilicho karibu, kwa chifu, kwa kiongozi wa serikali ya mtaa, kwa hakimu au kwa kiongozi wa dini. Akatamka kwamba ameuacha uasi, akakabidhi silaha kama alikuwa nayo, ndipo akapewa cheti. Pamoja nacho ulikuja mzigo wa kuanzia maisha: shilingi 263,000, godoro, blanketi, jembe, sufuria, mbegu. Aliyekuwa tayari mahabusu alikuwa na hatua ya ziada: alitamka nia yake mbele ya ofisa wa gereza au hakimu, na Mkurugenzi wa Mashtaka akathibitisha kwamba hakabiliwi na kosa lililo nje ya sheria hiyo. Zaidi ya watu 26,000 walipita njia hii. Hakuna hata mmoja aliyepita kwa ajili ya mambo ya kabla ya 1986.

Sasa swali lililo chini ya swali lako: je, watu wa Amin waliwahi kusamehewa kwa sheria nyingine? Amin mwenyewe ndiye aliyejaribu. Mwaka 1972 alitoa Amri Namba 8, iliyozizuia mahakama kushughulikia lolote lililofanywa kwa jina la usalama wa umma tangu siku za mapinduzi yake ya Januari 1971. Ilikuwa kinga aliyojikatia mwenyewe na watu wake, tena ya kurudi nyuma. Lakini haikuwalinda baada ya 1979. Brigedia Ali Fadhul alishtakiwa kwa mauaji ya Nekemia Bananuka, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Ankole, aliyeuawa Mbarara mwaka 1972. Alihukumiwa kifo, akakaa gerezani zaidi ya miaka 20, akatoka mwaka 2009 kwa huruma ya Rais.

Hapo tenganisheni maneno mawili ambayo kwa Kiswahili yote tunayaita msamaha, na humo ndimo wazee wenu wanamopotelea. Huruma ya Rais iko ibara ya 121 ya Katiba. Anapewa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani: adhabu inaondolewa, hukumu inabaki kwenye kumbukumbu za mahakama. Msamaha wa sheria ya 2000 humjia mtu kabla ya kushtakiwa, na hakuna jaji anayeandika alichokifanya. Katika kijitabu chenu msiandike "alisamehewa" bila kusema ni upi kati ya hiyo miwili.

Kwa hiyo ukweli ni huu: Uganda haikuwahi kutunga sheria ya kuwasamehe watu wa Amin. Ilinyamaza. Amin alikufa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila kusimama kizimbani, na wengi waliomtumikia wakazeeka majumbani kwao. Watu wakauona ukimya huo, wakauita msamaha. Kosa la kuua halina ukomo wa muda Uganda. Linaweza kufunguliwa hata leo. Kinachokosekana ni ushahidi: mashahidi wamekufa, na miili mingi haikupatikana. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa Mahakama Kuu mchana kweupe tarehe 21 Septemba 1972, na mpaka leo kaburi lake halijulikani.

Fidia ni habari nyingine, na hapa msiwape familia matumaini ya bure. Baraza la Tume ya Haki za Binadamu linapokea malalamiko ya ndani ya miaka 5 tangu tukio. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inatoa miaka 10. Mambo ya 1974 yamepita muda kote kuwili.

Kuhusu ahadi kwa wazee: msiahidi. Raia hana uwezo wa kumpa mtu kinga. Kanuni ya sheria ya ushahidi inayodai kwamba aliye mikononi mwa polisi akiri mbele ya hakimu au ofisa wa cheo kinachotakiwa inamlinda mtu huyo aliyekamatwa. Haimlindi aliyekiri barazani kwake mbele ya vijana wa parokia. Kanda hiyo inaweza kuitwa mahakamani. Na kama alilolifanya ni mateso, Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2012 imesema wazi kwamba anayetuhumiwa kutesa hapewi msamaha.

Mwambieni hivyo kabla ya kuanza, kwa lugha yake, bila kuzungusha. Wengine watanyamaza. Atakayesema baada ya kusikia hayo, maneno yake yana uzito.

Kijana_Gulu (Jumanne, saa 1:20 asubuhi)

Wakili, samahani, kesi ya Thomas Kwoyelo, kamanda wa waasi wa LRA, si ilithibitisha kwamba msamaha ni haki ya kila mtu?

Wakili_Soroti (Jumanne, saa 3:05 asubuhi)

Ilithibitisha hivyo kwa muda. Kwoyelo alikamatwa Kongo mwaka 2009, akaomba msamaha Januari 2010 akiwa mahabusu, na Mkurugenzi wa Mashtaka hakumthibitisha. Septemba 2011 Mahakama ya Katiba ikasema amebaguliwa, maana makamanda wengine wa LRA walikuwa wamepewa. Watu wengi waliishia kusoma hapo. Tarehe 8 Aprili 2015 Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo: makosa mazito dhidi ya raia hayahesabiwi kuwa ni ya kuendeleza uasi, basi sheria haiyafuniki. Agosti 2024 akatiwa hatiani kwa makosa 44, na Oktoba akapewa miaka 40. Desemba mwaka huohuo mahakama ikaiagiza Serikali iwalipe waathirika.

Sehemu ya sheria inayotoa vyeti ilikufa Mei 2012 na ikafufuliwa 2013. Cheti chenye tarehe ya katikati ya hapo kiangalieni mara mbili.

Mama_Jalada (Jumanne, saa 5:30 asubuhi)

Mwanangu Mwanakijiji, nitajibu la tatu. Wakili amesema vema kwamba tatizo ni ushahidi. Mimi naongeza kwamba karatasi zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila zinatafutwa mahali pasipo pake. Watu huulizia faili la mateso, na faili lenye jina hilo hakuna. Tafuta alama alizoacha marehemu katika mambo ya kawaida: mshahara, gari, duka, gereza, mahakama, shule.

Anza na tume mbili. Ya kwanza wengi hawajaisikia kwa sababu aliyeiunda ni Amin mwenyewe, Juni 1974, baada ya kelele za nje kuzidi. Iliongozwa na Jaji Mohamed Saied, pamoja na maofisa wawili wa polisi na mmoja wa jeshi, ichunguze waliotoweka tangu tarehe 25 Januari 1971. Ilisikiliza mashahidi 545 na kuandika visa 308, ikazitaja State Research Bureau na Public Safety Unit kuwa ndizo zenye lawama kubwa. Ripoti ilimfikia Amin, hakuichapisha. Waliomo kwenye tume waliandamwa: mwenyekiti akapoteza kazi, mmoja akabambikiwa kesi ya mauaji, mwingine akakimbia nchi. Ripoti hiyo leo inasomeka mtandaoni katika makusanyo ya ripoti za tume za ukweli. Majina ya watu waliokuja kuulizia waume na watoto wao, mwuaji akiwa bado Ikulu, yamo. Kwa kweli kila ninapowafikiria mashahidi wale 545 nashangazwa na ujasiri wao.

Ya pili ni tume ya Jaji Arthur Oder, iliyoundwa Mei 1986 ichunguze tangu uhuru, 9 Oktoba 1962, hadi 25 Januari 1986. Vikao vilikuwa vya wazi na vilitangazwa redioni na kwenye televisheni, ila fedha zilikatika mara kwa mara na kazi ikaburutwa hadi Oktoba 1994. Ripoti ina kurasa zaidi ya 700 na mashahidi 608. Itumieni kwa uangalifu. Mashahidi 608 kwa nchi nzima na miaka 23 ni wachache, na walitoka zaidi mahali tume ilipofika. Jina la marehemu wenu lisipokuwemo, msiseme tume ilimkana.

Mkitoka hapo nendeni Kampala, kituo cha kumbukumbu za taifa kule Wandegeya. Zamani nyaraka hizi zilikuwa kwenye chumba cha chini cha majengo ya serikali Entebbe. Omba orodha kwanza, kisha jalada. Usiende na jina la mtu tu; nenda na idara, wilaya na mwaka. Jina la mtu halimo kwenye orodha, idara imo. Za wilaya ziko kwingine: za Kabarole zimepangwa vizuri na chuo kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, na za Jinja nazo zimeorodheshwa. Kwa wilaya yenu muulizeni ofisa kumbukumbu wa wilaya, na muulize pia chumba kinachohifadhi viti vilivyovunjika, maana mara nyingi ndimo mafaili ya zamani yalimorundikwa. Beba barakoa na brashi laini. Karatasi iliyoliwa na mchwa usiifungue kwa nguvu, ipige picha ilivyo.

Gazeti rasmi la Serikali ni hazina. Humo kuna kuteuliwa, kufukuzwa kazi, notisi za mirathi na leseni. Ofisa wa serikali aliyetoweka aghalabu nafasi yake ilijazwa na mtu mwingine, na tarehe ya kujazwa inakusogeza karibu na tarehe ya kuchukuliwa. Vivyo hivyo majalada ya bodi iliyosimamia mali za Waasia waliofukuzwa 1972: yanaonyesha nani alipewa duka gani na lini. Mtu wa mafuta mingi (ndivyo walivyoitwa waliogawiwa maduka hayo) aliyepewa duka Arua Machi akanyang'anywa Agosti ana habari ndani yake.

Usajili wa magari pia. Eliphaz Laki, chifu wa kaunti kule Ankole, alichukuliwa Septemba 1972. Karibu miaka 30 baadaye mwanawe, ambaye ni mwanasheria, alipata ncha ya uzi kwenye kumbukumbu za usajili wa gari la baba yake, zilizoonyesha gari lilihamia kwa nani. Kutoka hapo walifikia washtakiwa watatu, akiwemo aliyekuwa mkuu wa majeshi wa Amin, Yusuf Gowon, na mabaki ya marehemu yakapatikana. Mahakama iliwaachia huru washtakiwa wote, nanyi liandikeni hivyo. Lakini familia ilizika.

Picha: shirika la utangazaji la taifa, UBC, lilikuwa na takriban negativu 70,000 za wapiga picha wa serikali. Kuanzia 2018 sehemu yake ilihamishiwa kwenye kompyuta, na nyingine zikaonyeshwa Makumbusho ya Taifa mwaka 2019. Onyo langu: zilipigwa kwa ajili ya Serikali. Utaona mikutano, ngoma, wahalifu waliopangwa mstari kwenye mashtaka ya magendo. Nakasero hutaiona. Mkichapisha picha hizo bila maneno ya kueleza kilichoachwa nje, mtakuwa mmemfanyia Amin kazi ya wizara yake ya habari.

Ofisi ikikataa kukuonyesha, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Ni kwa raia. Jaza fomu, lipa ada ya shilingi 20,000, eleza waraka kwa uwazi uwezavyo. Wana siku 21 za kujibu. Kimya kikipita siku hizo kinahesabiwa kuwa wamekataa, na unaweza kwenda kwa Hakimu Mkuu. Maombi huanguka kwa sababu ya upana. "Nyaraka zote za State Research" utakataliwa kwa misingi ya usalama. "Daftari la mahabusu la gereza fulani, Januari hadi Juni 1973" ni ombi ambalo ofisa anaweza kulishika mkononi.

Na majina! Mtu mmoja utamkuta kwa jina la ubatizo kwenye rejista ya shule, kwa jina la Kiislamu jeshini, na kwa jina la ukoo limeandikwa na karani wa kutoka Buganda aliyebadilisha R kuwa L. Andaa tahajia zote kabla ya safari, si chini ya nne kwa kila mtu.

Mzee_wa_Bombo (Jumanne, saa 11:15 jioni)

Vijana wetu, nawasoma nanyi mna elimu. Lakini nauliza: mnafukua ya nini? Mwaka 1979 watu wetu walihukumiwa kwa kabila na dini. Mnubi, Mkakwa, Mlugbara, Muislamu, wote wakaitwa Amin. Watu waliuawa kwa sababu ya jina tu. Tukakimbilia Sudan na Zaire. Mkiandika fulani alikuwa State Research, wajukuu wake watalipa.

Mwanakijiji_Maracha (Jumanne, saa 1:40 usiku)

Mzee wangu, shikamoo. Hilo ndilo linalotuogopesha hata sisi, na ndiyo maana Ombaci imo kwenye mpango tangu siku ya kwanza.

Kinasa_Sauti (Jumanne, saa 3:00 usiku)

Shikamoo mzee. Hoja yako ni nzito, na jibu lake ni kuandika kwa usahihi. Mwaka 1979 watu walilipishwa kwa kabila kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika nani hasa alifanya nini. Kosa likiandikwa kwa mtu, tarehe na mahali, linamwondoka jirani yake. Likiachwa hewani linamwangukia kila mtu wa upande ule wa Nile.

Ila namuunga mkono mzee kwa jambo moja: jina la mtuhumiwa aliye hai lisichapishwe kwa ushahidi wa mdomo mmoja. Wekeni kanuni. Wasimulizi wawili wasio wa familia moja, na karatasi moja. Kikikosekana kimoja, andikeni cheo na kituo ("ofisa wa kambi ya fulani"), jina libaki kwenye bahasha iliyofungwa.

Sasa kazi yenyewe. Rekodi kwa muundo wa WAV, mono. Saa moja ni kama megabaiti 320. Kadi ya gigabaiti 32 inatosha mradi mzima wa kijiji. Simu inafaa ikiwa imewekwa isipokee miito, na ikae hatua moja kutoka mdomoni, juu ya kitambaa. Mezani ikikaa peke yake itarekodi vikombe. Mvua kwenye mabati inaharibu kila kitu, kwa hiyo pangeni asubuhi. Mahojiano yasizidi dakika 90; mzee akichoka anaanza kukubali kila unachomwambia.

Ridhaa ichukuliwe mara mbili: kabla, na tena baada ya kumsikilizisha au kumsomea. Baada ya kusema ndipo mtu anajua alichokitoa. Fomu iwe na machaguo yanayotenganishwa: jina litumike au lisitumike, sauti isikike au maandishi tu, sasa hivi au baada ya kifo chake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu aliyemchagua yeye, si mliyemchagua ninyi.

Msimwulize mwaka. Watu wa vijijini hawakuishi kwa kalenda. Mwulize: ilikuwa kabla Wahindi hawajafukuzwa, au baada? Kabla ya mkutano wa OAU (umoja wa nchi za Afrika) Kampala? Kabla ya Askofu Mkuu Luwum kuuawa? Hapo una Agosti 1972, Julai 1975 na Februari 1977. Mkutano wa OAU unakumbukwa zaidi mjini. Kijijini hushika zaidi kuja kwa Watanzania, 1979. Matukio matatu ya namna hiyo yanakupa tarehe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na hiyo ndiyo mnayoiandika. Msiipunguze kuwa siku moja ili ipendeze.

Idadi ndiyo sehemu kumbukumbu zinapoharibika upesi. Waliouawa enzi ya Amin wanatajwa kuanzia 80,000 hadi 300,000, na makisio hayo hayakutokana na hesabu ya nyumba kwa nyumba. Msiyaingize kwenye habari za kijiji chenu. Ninyi mnaweza kufanya kitu ambacho hakijafanyika: orodha ya majina ya parokia moja, jina kwa jina. Mjifunze kwa Barlonyo, Lira. Jiwe la ukumbusho la Serikali linasema 121 waliuawa na LRA tarehe 21 Februari 2004. Wenyeji wanasema ni zaidi ya 300. Orodha ya majina ingetengenezwa mapema, ubishi huo usingekuwepo, na manusura wasingelazimika kusimama mbele ya jiwe linalowapunguzia wafu wao.

Jambo jingine ni lugha. Hapa Uganda amri za askari zilitolewa kwa Kiswahili. Msimulizi ataongea Kilugbara dakika 20, ghafla atasema "lala chini" au "panda gari" kwa sauti nyingine kabisa. Wazee wa Buganda hata leo wakisikia "panda gari" wanakumbuka misako ya miaka ya 1980. Mnapoandika, maneno hayo yaacheni kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, msiyatafsiri. Kuna watu wanaokichukia Kiswahili kwa sababu hiyo tu, na wana haki ya kusikilizwa kwa lugha waliyoichagua. Mhoji aje na lugha ya nyumbani.

Saa moja ya sauti itakula saa 5 au 6 za kuandika. Miradi mingi ya vijana hufa hapo, kwa hiyo msirekodi mahojiano ya sita kabla ya kumaliza kuandika ya tatu.

Mwanakijiji_Maracha (Jumatano, saa 12:50 asubuhi)

Wakubwa, Mungu awazidishie. Limebaki moja. Familia mojawapo, baba alichukuliwa mwaka 1977. Ardhi bado ni kwa jina lake na hawana cheti cha kifo. Watoto wanaogopa kuomba cheti kwa sababu mama yao anasema kufanya hivyo ni kumwua mara ya pili.

Wakili_Soroti (Jumatano, saa 2:30 asubuhi)

Pole zao. Mwelezeni mama kwanza kwamba zipo njia mbili, na moja haimlazimu kutamka kwamba mumewe amekufa.

Kuna Sheria ya Kusimamia Mali za Watu Waliotoweka. Ilitolewa mwaka 1973, katikati ya utawala uleule uliokuwa ukiwatowesha watu, na bado ipo katika vitabu. Mtu akiwa hajulikani alipo kwa miezi 6 na hakuacha mpango wa mali yake, ndugu anaweza kuiomba mahakama amri ya kuisimamia. Amri hiyo ni ya kusimamia, si ya kurithi. Inafaa kuzuia wavamizi wa shamba wakati familia inaamua.

Kama watoto wanataka hati ibadilishwe jina, itabidi wapite njia ya kifo. Sheria ya ushahidi inaruhusu mtu ambaye waliopaswa kumsikia hawajamsikia kwa miaka 7 adhaniwe amekufa. Muda huo wamekwishaupita mara nyingi. Waandae viapo viwili au vitatu vya watu waliopaswa kupata habari zake: mke, kaka, rafiki wa kazini. Viseme alionekana mwisho wapi, na nani, na baada ya hapo familia ilimtafuta wapi. Hapo karatasi za Mama Jalada zinaingia: barua ya mwajiri, notisi ya gazetini, hata ukurasa wa tume. Wawe na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), waombe amri ya mahakama ya kudhania kifo, ndipo waende kusajili NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili.

Baada ya hapo ni mirathi ya kawaida. Wafanye kikao cha ukoo chenye kumbukumbu zilizotiwa sahihi, waende ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi (ndugu zetu wa Tanzania humwita Kabidhi Wasii), wapate hati ya kutopinga, kisha wapeleke ombi mahakamani. Tangazo litatolewa gazetini, na asipotokea mpingaji ndani ya siku 14 barua za usimamizi hutolewa.

Mambo mawili hukwamisha familia za namna hii. Tarehe ya kifo: wasibuni siku. Mahakama ikiwauliza, waseme alionekana mwisho lini, na waachie hakimu aseme mengine. Wakiandika tarehe moja kwenye kiapo na nyingine kwenye kikao cha ukoo, jalada litarudishwa. La pili ni mke mwingine au watoto wa nje waliobaki Sudan au Kongo tangu ukimbizi wa 1980. Waandikwe wote tangu mwanzo, maana wakijitokeza baadaye wanaweza kuomba barua zifutwe.

Mama_Jalada (Jumatano, saa 4:00 asubuhi)

Mwanangu, wakishapata amri ya mahakama, omba nakala tatu zilizothibitishwa. Moja ya familia, moja ya jalada la ardhi, ya tatu muiingize kwenye mkusanyo wenu pamoja na viapo, kama mama ataridhia. Andikeni nyuma ya kila nakala kwa penseli, si kwa kalamu ya wino: jina, tahajia zote, kijiji, na mahali alipoonekana mwisho.